Habari Kwanza, Uamuzi Baadaye

(Maneno yaliyosemwa mjini Bujumbura tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kazi vya kambini na vya mjini. Yanachapwa katika toleo hili la kumbukumbu kwa ombi la Kamati.)





Sisi tunaosema nanyi ni walimu. Tulisomea ualimu chuoni huko Kivu ya Kusini, tukavuka mpaka na vyeti vyetu ndani ya mfuko wa plastiki, na leo tunafundisha kambini. Lakini leo hatukuitwa kwa ajili ya mambo ya shule. Tumeitwa kwa sababu kikundi chetu cha mashine ya kusaga kilikufa miezi minne, kisha kikafufuka, na Kamati imetaka tuwaeleze wenzetu wa vikundi vingine ni kitu gani kilichokiua. Tutaeleza bila kuficha, maana wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika kosa lile mkono wetu ulikuwamo.

Kilichotupata

Kikundi chetu kilianza na wanachama 42, wakimbizi pamoja na wenyeji wa kilima cha jirani. Kila mmoja alitoa mchango wake. Wengine walitoa franga, wengine walitoa siku za kazi za kujenga kibanda, na shirika moja likaongeza sehemu iliyobaki. Tukanunua mashine. Kabla ya hapo mama zetu walikuwa wakitembea saa nzima na mzigo kichwani kwenda kusaga, au waliuza mahindi yao kwa hasara ili wanunue unga. Siku mashine ilipowashwa mara ya kwanza watoto walikimbia kutoka darasani kwenda kuitazama, na sisi walimu tukakimbia nyuma yao.

Mwaka wa pili mkanda ulikatika. Baada ya mkanda, beringi zikafa. Wakati huo mazutu yalikuwa adimu na ghali, na fedha ya kikundi ilikuwa kidogo. Sisi watu watano wa halmashauri ya kikundi tulikutana jioni moja nyumbani kwa mwenyekiti wetu, tukapiga hesabu, tukaamua mambo mawili: bei ya kusaga ipande, na kwa siku tatu za kila juma mashine ikodishwe kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa tayari kutulipa mbele ili tufanye matengenezo. Hata leo tukiirudia hesabu ile, hatuoni kwamba ilikuwa hesabu mbaya.

Kazi ya ukatibu ilikuwa mikononi mwetu. Tuliandika uamuzi ule kwa Kifaransa, kwa sababu shirika lililotusaidia lilitaka ripoti kwa Kifaransa, nasi hatukutaka kuandika mara mbili. Tukabandika karatasi kwenye mlango wa kibanda, tukaenda kulala tukijisemea kwamba wanachama wamejulishwa.

Jumatatu mama zetu walikuja na mahindi yao, wakakuta magunia ya mfanyabiashara yamepangwa mpaka nje. Kijana anayeendesha mashine akawaambia warudi Alhamisi, na kwamba bei imebadilika. Wakauliza ni nani aliyeamua. Kijana akaonyesha karatasi mlangoni. Kati ya watu wote waliosimama pale hakuna hata mmoja aliyejua kusoma Kifaransa. Kufikia jioni habari ilikuwa imeenea kambini kwamba halmashauri imeuza mashine. Kufikia Jumapili watu walikuwa wanajua hata bei tuliyouzia, na mahali ambapo mwenyekiti alikuwa akijenga nyumba ya mabati. Mwenyekiti wetu hakuwa na hata bati moja.

Wenyeji ndio waliotangulia kuondoka, kwa sababu mikutano yetu ilikuwa kwa Kiswahili na wengi wao husema Kirundi; hata kabla ya siku ile walikuwa wakipata habari nusu nusu. Mama zetu wakafuata. Mfanyabiashara alipoona ugomvi akadai fedha yake irudishwe. Mashine ikanyamaza miezi minne. Watoto, hasa wasichana, walianza kukosa masomo ya asubuhi kwa kuwa walitumwa kusaga mbali. Tulisimama mbele ya darasa tukitazama nafasi zao, na tulijua kwamba karatasi yetu ndiyo iliyowaondoa.

Tulipoitisha mkutano wa wote, mama mmoja mwenyeji, mkulima, alisimama akasema kwa Kirundi, na kijana mmoja akatutafsiria: "Mngeniambia juu ya ile bei ningelalamika, kisha ningelipa. Lakini mimi ni mwenye mashine, na nimeambiwa bei na karatasi."

Ndugu zetu, maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tusimame hapa leo. Yule mama alikuwa na mali yake mle ndani, nasi tulikuwa tumemgeuza mnunuzi anayesimama mlangoni. Tulikuwa tunajua kwamba uamuzi wa kikundi ni wa wote. Tusichokijua ni kwamba uamuzi huwa wa wote ikiwa habari imekuwa ya wote kwanza. Mtu asiyejua kilichomo sandukuni, wala kilichovunjika, wala gharama yake, hata ukimpa kura hana cha kuipigia.

Waliyoyajua wazee

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Hapa Burundi iko desturi ya ikibiri. Majirani hukusanyika, leo wanalima shamba la mmoja wao, kesho la mwingine, na anayelimiwa huwaandalia wenzake cha kunywa au cha kula. Kwetu Kongo wazazi walitusimulia juu ya salongo, kazi ya umma iliyokuwa ya lazima wakati wa utawala wa Mobutu. Jembe ni lile lile na udongo ni ule ule. Lakini katika ikibiri kila mlimaji anajua analima kwa ajili ya nani, kwa sababu gani, na zamu yake mwenyewe inafika lini. Katika salongo mtu aliambiwa mahali pa kusimama, kisha akahesabiwa. Ndiyo maana watu walijifunza kuinua jembe msimamizi anapotazama, na kuegemea mpini anapogeuka.

Iko pia desturi ya bashingantahe, watu wenye heshima waliotawazwa mbele ya jamii ili kuamua mashauri ya kilima, wakiwa na fimbo ya intahe iliyo alama ya haki. Mwenye mashtaka husikilizwa mpaka amalize, naye anayeshtakiwa husikilizwa mpaka amalize, mashahidi huulizwa, kisha wazee hujitenga kushauriana, na wanaporudi huwa na neno moja. Baraza hilo lilikuwa na upungufu wake. Kwa muda mrefu mwanamke hakutawazwa kwa jina lake mwenyewe, na ni katika miaka ya karibuni tu ndipo baadhi ya wanawake walipoanza kutawazwa. Lakini tunachukua kwao mambo mawili: hakuna anayekatizwa, na hakuna hukumu kabla ya pande zote kusikika. Sisi watu watano tuliokutana ile jioni tulikuwa upande mmoja tu.

Tangu mwaka 2019 serikali ya Burundi imehimiza vyama vya ushirika vinavyoitwa Sangwe katika vilima vyote vya nchi, vilima zaidi ya 2900, na ikavitengea franga milioni 10 kila kimoja. Sisi ni wageni na hatukuja kuvipima vyama vya wenyeji wetu. Tunauliza swali moja tu, na linatuhusu sisi pia: ikiwa fedha ya kuanzia ni ile ile kwa wote, chama kimoja kitasimama na kingine kitaanguka kwa sababu gani? Sehemu kubwa ya jibu, kwa maoni yetu, iko katika namna watu wanavyoelezana mambo.

Mfano wa Litowa

Sasa tunaomba tuvuke ziwa kidogo, twende Tanzania, maana huko kuna historia ambayo kila kikundi cha kijiji kingefaa kuijua. Kusini kabisa, katika mkoa wa Ruvuma karibu na Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini mwaka 1960, mahali panapoitwa Litowa, ili waanzishe kijiji cha kulima na kuishi pamoja. Mwanzo ulikuwa wa taabu. Lakini waliendelea, na vijiji vingine vikaiga. Mwaka 1963 wakaunda umoja wao, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa herufi RDA. Kufikia mwaka 1969 vijiji vilikuwa kama 17. Walikuwa na mashine ya kusaga mahindi kama sisi, walikuwa na mashine ya kupasua mbao, na pale Litowa walikuwa na shule yao.

Nguvu yao ilikuwa katika mikutano. Mambo ya kazi, ya mashamba na ya kugawana mapato yaliletwa mbele ya wanakijiji wenyewe. Viongozi walichaguliwa na mkutano huo na waliwajibika kwake. Alikuwako mshauri Mwingereza, Ralph Ibbott, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi katika shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Aliishi nao pamoja na familia yake. Kazi yake ilikuwa kushauri, na uamuzi ulibaki kwa wanakijiji. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Ujamaa Vijijini mwezi Septemba 1967, vijiji hivi tayari vilikuwa vikiishi mengi ya yale aliyoyaandika.

Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja ule, na mali zake, pamoja na mashine, zikachukuliwa. Watu waliozoea kukaa chini na kuamua kila jambo la kazi yao waliletewa uamuzi uliokwisha kufanywa. Waandishi walioichunguza habari hiyo wanaeleza kwamba baadhi ya viongozi wa mkoa na wa chama waliona vijiji hivi vinajitawala nje ya mamlaka yao. Miaka michache baadaye, Novemba 1973, ikatangazwa kwamba watu wote wa mashambani wawe wameingia vijijini kufikia mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni walihama, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu. Jina lilikuwa lile lile, kijiji, kama jembe la salongo lilivyokuwa jembe.

Tunajifunza mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba watu wa kawaida, wakulima, wengi wao wasio na elimu ya darasani, waliweza kuendesha mashine, mashamba na shule kwa kukaa na kusemezana. La pili ni kwamba haitoshi kusemezana ndani ya kikundi peke yake. Majirani na wenye mamlaka nao wapewe habari mapema, wasije wakaitafuta wenyewe kwa watu wa pembeni. Tangu tulipoisoma habari hiyo tumefanya iwe kawaida kumpa shefu wa kilima na ofisi ya kambi taarifa ya kila mkutano wetu mkubwa. Na liko la kututia moyo: kijiji kimoja cha umoja ule, Matetereka, kiliendelea na kazi zake za pamoja miaka mingi baada ya umoja kuvunjwa. Mashine inaweza kuchukuliwa. Mazoea ya kukaa na kuamua ni vigumu kuyachukua.

Sanduku lenye kufuli tatu

Mama zetu wa Kivu wanaijua likelemba, ambapo kila mmoja anatoa na mmoja anapokea kwa zamu. Wengi wenu hapa mnavijua pia vikundi vya kuweka na kukopa vyenye sanduku. Mfumo huo ulianza nchini Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliofanya kazi na shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima hata hapa Burundi.

Tulipotafuta dawa ya ugonjwa wetu tuliona kwamba dawa ilikuwa jirani, kwa wake zetu na dada zetu. Kikundi ni cha watu 15 mpaka 25 hivi. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu, mbali na yule anayelitunza. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Fedha inahesabiwa kwa sauti. Kila hisa inagongewa muhuri katika kitabu cha mwanachama, hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Na mwisho wa kikao kiasi kilichobaki kinatajwa, kila mtu anakishika kichwani, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kuulizana: tuliacha kiasi gani?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi walimu tulikuwa na daftari, tena safi, lenye mistari. Lakini daftari letu lilikuwa linafunguliwa na mtu mmoja. Mama zetu wameweka daftari lao katika masikio ya watu wote, na hapo haliwezi kuibiwa wala kuungua.

Tuliyobadilisha

Sasa tuseme tuliyoyafanya. Hatusemi kwamba ndiyo sheria ya kila kikundi, mtachagua yanayowafaa.

Kwanza, habari hutangulia kikao kwa siku tatu. Haibandikwi mlangoni. Katika kila mtaa wa kambi, na kule kilimani, yuko mwanachama mmoja ambaye kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba na kusema: jambo ni hili, gharama ni hii, tutakutana siku fulani. Tulichagua watu wa kisima na wa sokoni, si watu wa ofisini. Uvumi hupita kisimani, na habari ya kweli nayo ipite huko huko.

Pili, lugha. Kikao ni kwa Kiswahili na Kirundi, na mfasiri anatafsiri kila mtu anapomaliza neno lake. Hangojei mwisho wa kikao. Kifaransa ni kwa ajili ya ripoti za mashirika, na hakuna ripoti inayotoka kabla ya kusomwa kwa lugha mbili mbele ya wanachama. Hili linarefusha kikao, tunakiri. Mara moja giza lilitukuta tungali tunatafsiri bei ya mkanda.

Tatu, zamu ya kusema. Zamani mwenyekiti alifungua kikao kwa kueleza maoni yake, na baada ya hapo kila mtu alisema "naunga mkono". Sasa wanaotangulia ni wale ambao jambo litawauma kwanza: wanaosaga kila siku, wanaotoka mbali, wajane, wenye mzigo mdogo. Halmashauri inaeleza hesabu tu, na maoni yake inayatoa mwisho.

Nne, uamuzi unarudiwa kwa sauti na mtu ambaye si kiongozi. Akikosea, maana yake hatukueleweka, tunaanza upya. Tunaandika pia waliokataa na sababu zao, na tarehe ya kuuangalia tena uamuzi huo. Aliyekataa anapojua kwamba neno lake limeandikwa, na kwamba baada ya miezi mitatu litasomwa tena, hana haja ya kwenda kulisemea njiani.

Tano, tulikubaliana juu ya mambo ambayo hayahitaji kikao. Mkanda ukianza kunuka moshi, mwendesha mashine asimamishe mashine mara moja; hapigiwi kura. Matengenezo madogo, chini ya kiasi tulichokiweka, mweka hazina na fundi wafanye, kisha watoe taarifa katika kikao kinachofuata na karatasi ya dukani mkononi. Kuamua pamoja hakuna maana ya kukutana kwa ajili ya kila msumari. Maana yake ni kwamba hata mipaka ya anayeamua peke yake tumeiweka pamoja.

Mtauliza, je, mlipofuata hayo, ile bei ilikuwaje? Tutawaambia, na mna ruhusa ya kucheka. Mkutano wa wote uliposikia hesabu yote ya mkanda, ya beringi na ya mazutu, ulikubali bei ambayo ilikaribia sana ile tuliyoibandika mlangoni. Lakini ule mpango wa siku tatu za mfanyabiashara waliukataa, na mama mmoja akaleta wazo ambalo sisi watano hatukuliona: asubuhi iwe ya wanachama na vikapu vyao, alasiri magunia ya mfanyabiashara yasagwe kila siku. Mfanyabiashara akakubali. Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya asubuhi, sisi hatukumwuliza. Mashine ikarudi kazini, na baada ya majuma machache wasichana wetu wakarudi katika saa ya kwanza ya masomo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika

Tuna neno moja kwa ndugu zetu wa mashirika, na tunalisema kwa shukrani, maana bila ninyi mashine isingenunuliwa. Tunajua ninyi pia mna wakubwa wanaowangojea na tarehe zisizosogea. Lakini inapofika Jumatano tunaambiwa tulete uamuzi wa kikundi ifikapo Ijumaa, ndipo watu watano wanapokutana jioni nyumbani kwa mwenyekiti. Tunawaomba mtupe majuma mawili. Tunawaomba pia, mnapochukua karatasi ya mahudhurio, mkumbuke kwamba inaonyesha waliokaa, haionyeshi waliosikika. Mama anaweza kuweka kidole chake kwenye wino na kurudi nyumbani bila kujua ameweka kidole juu ya jambo gani. Mkitaka kujua kama kikundi kimeamua, msimwulize mwenyekiti. Mwulizeni mtu mnayekutana naye njiani na kikapu chake: mashine yenu imeamuliwa nini? Akijibu, kikundi ni kizima.

Na sasa, wakati msaada wa chakula hauna uhakika kama zamani, vikundi hivi si mazoezi tena. Ni kile kitakachobaki.

Swali lililo mbele yetu

Tunamaliza kwa jambo ambalo hatujalimaliza. Mwezi ujao kikundi chetu kinakutana juu ya wanachama wanaoondoka. Mmoja amekubaliwa kwenda nchi ya mbali. Wengine wanafikiri kurudi nyumbani siku amani itakapowaruhusu. Mwingine amehamia hapa Bujumbura kutafuta kazi. Wanauliza: mchango wetu je?

Wako wanaosema kwamba anayeondoka achukue chake, kwa kuwa alibeba matofali ya kibanda kile na jasho lake limo ukutani. Wako wanaosema kwamba mashine haikatwi vipande, na tukiwalipa watu watatu kwa mara moja, mkanda ukikatika tena hatutakuwa na cha kununulia. Wenyeji wa kilima wana hofu yao, na ni ya haki: wakimbizi wote wakichukua zao na kwenda, wao watabaki na chuma kikuukuu na deni la mazutu.

Hatuna jibu la kuwapa leo, na kama tungekuwa nalo tusingelisema hapa kabla ya kulisema kule. Tunajua tu namna tutakavyoanza. Tayari watu wa mitaa wanapita nyumba kwa nyumba na hesabu ya thamani ya mashine kama ilivyo leo, si kama ilivyonunuliwa. Siku ya mkutano wanaoondoka watasema kwanza. Watafuata wenyeji, ambao watabaki. Halmashauri itasema mwisho.

Na kwa kuwa jina letu sisi pia limo katika orodha ya watu wanaoweza kuondoka, siku hiyo hatutashika kalamu. Tumeomba kijana wa kilimani aliyemaliza darasa letu awe katibu. Anaandika Kiswahili na Kirundi vizuri. Kifaransa atajifunza baadaye.

Mungu aibariki Burundi iliyotupokea, aiponye nchi yetu, na azibariki kazi za mikono yenu.